PILIPILI YA NYUMBANI: TUIPANDE NA TUIHIFADHI



Katika nyumba nyingi za Unguja chakula bila ya pilipili hakijakamilika. Urojo unataka pilipili. Mchuzi wa samaki unataka pilipili. Muhogo wa kuchoma, mishikaki na hata embe mbichi huliwa kwa pilipili. Lakini nyumba nyingi zinazotumia pilipili kila siku hazina hata mche mmoja uani. Pilipili inanunuliwa. Mvua zikizidi, bei yake inapanda na sisi tunalalamika.

Tutazame hesabu ndogo. Tuchukulie mfano wa mama mmoja anayenunua fungu la pilipili kwa shilingi 500, mara 2 kwa wiki. Kwa wiki anatoa shilingi 1,000. Mwaka una wiki 52. Kwa hiyo kwa mwaka anatoa shilingi 52,000. Fedha hizo ni madaftari ya watoto, ni sare ya skuli. Naye ana ua, ana maji aliyoshea vyombo, ana samadi ya kuku. Kinachokosekana ni kujua namna ya kupanda na namna ya kuweka. Hayo mawili ndiyo tutakayosoma leo.

MAJINA YA PILIPILI

Kwanza tuelewane kwa majina, maana majina ya pilipili yanawachanganya watu.

Pilipili kichaa ni ile ndogo, nyembamba, yenye ncha. Ni ndogo lakini ni kali sana. Mti wake unaweza kukaa na kuzaa zaidi ya mwaka mmoja ukitunzwa.

Pilipili mbuzi ni ya mviringo, ina mikunjo, na inanukia vizuri. Ikiiva huwa nyekundu au ya rangi ya manjano. Hii ndiyo tunayoitia nzima ndani ya mchuzi, tukiomba isipasuke.

Pilipili boga ni ile kubwa isiyowasha. Hapa ndipo penye mchanganyiko. Mtu wa Bara akisema "pilipili hoho", mara nyingi anataka hii kubwa isiyowasha. Lakini kwa watu wengi wa Unguja, na katika kamusi za zamani, pilipili hoho ni pilipili nyekundu inayowasha. Kwa hiyo unaponunua mbegu dukani, usitegemee jina peke yake. Soma karatasi yake na utazame picha.

Pilipili manga si ndugu wa hizi. Hiyo ni mbegu ya mmea unaotambaa juu ya miti. Leo hatuisemi.

PILIPILI IMETOKA WAPI?

Wengi tunadhani pilipili ni ya hapa tangu zamani. Sivyo. Asili yake ni bara la Amerika. Watu wa Meksiko na nchi za jirani waliilima kwa maelfu ya miaka. Baada ya Christopher Columbus kufika huko mwaka 1492, mabaharia wa Kizungu waliichukua mbegu yake. Wareno waliisambaza katika pwani za Afrika na Bara Hindi. Jamaa zake tunao mashambani hadi leo: tungule, mbatata na tumbaku vyote ni vya ukoo wa pilipili. Biringani nayo ni ya ukoo huo. Tuukumbuke ukoo huu, maana tutauhitaji tutakaposema habari ya maradhi.

Pilipili ilipofika Unguja iliipenda ardhi yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pilipili kavu za Unguja ziliuzwa nchi za nje pamoja na karafuu na mbata. Nyingi zilitoka sehemu za mawe za kusini na mashariki, ambako mikarafuu haistawi. Kwa hiyo anayeishi penye mawe asiseme, "Kwetu hakuna ardhi." Wazee wa huko walipata fedha kutokana na pilipili hizo hizo.

UDONGO NA MAHALI PA KUPANDA

Wakulima wa Unguja wana majina mazuri ya udongo. Tuyatumie.

Kinongo ni udongo mwekundu, laini, unaopitisha maji vizuri. Pilipili huupenda.

Mchanga hupitisha maji upesi mno. Tia samadi iliyooza au mboji ya kutosha, na mwagilia mara nyingi.

Kinamo ni mzito na hushika maji. Wakati wa masika mizizi ya pilipili itaoza humo. Panda juu ya tuta lililoinuka.

Uwanda na maweni ni sehemu za mawe. Tafuta mifuko ya udongo katikati ya mawe, utie mboji, upande humo.

Chagua mahali penye jua angalau saa 6 kwa siku. Chini ya mwembe au mnazi ulioshonana pilipili itarefuka tu bila ya kuzaa. Usipande mahali palipotoka tungule, biringani, mbatata au pilipili nyengine. Hao ni ukoo mmoja, na maradhi ya mmoja hukaa ardhini yakimngoja mwenziwe.

Anayekaa Mji Mkongwe asivunjike moyo. Pilipili huota vizuri katika ndoo iliyotoboka, kopo kubwa la mafuta au karai kuukuu. Toboa matundu chini ili maji yatoke. Tandika vipande vya makumbi ya nazi chini, kisha tia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Weka juu ya paa, barazani au uani, palipo na jua. Miche 3 ya pilipili kichaa inaweza kutosha nyumba moja.

Jambo moja zaidi ni la maji. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Pilipili haipendi maji ya chumvi. Ukiona ncha za majani zinaungua, tafuta maji mengine, au kinga maji ya mvua.

WAKATI WA KUATIKA

Watu wengi huatika mbegu wanapokumbuka. Huo si utaratibu mzuri. Mkulima hodari huanza kuhesabu kutoka mwisho. Hujiuliza: nataka kuvuna lini? Jawabu ni moja: nataka kuvuna wakati wa jua, ili niweze kukausha.

Miche hukaa kitaluni wiki 5 hadi 6. Baada ya kuhamishwa, pilipili nyingi huanza kuvunwa karibu na miezi 3. Sasa tuhesabu:

1. Ukiatika mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, utahamisha miche mwezi wa Machi, masika yanapoanza. Utaanza kuvuna mwezi wa Juni, wakati masika yamekwisha na kipupwe kimeingia.

2. Ukiatika mwisho wa Agosti, utahamisha mwezi wa Oktoba, vuli inapoanza. Utaanza kuvuna mwezi wa Januari, wakati wa jua kali la kaskazi.

Anayevuna mwezi wa Aprili, katikati ya mvua, atapata pilipili lakini hatapata pa kuzikaushia.

KITALU

Kitalu si lazima kiwe kikubwa. Hata vifuu vya nazi vinafaa. Toboa kifuu chini, tia udongo laini uliochanganywa na mboji, na atika mbegu 2 au 3 katika kila kifuu. Zifukie kidogo tu, kiasi cha nusu sentimita. Mwagilia kwa mkono, taratibu. Weka kivuli chepesi cha makuti.

Mbegu huanza kuota baada ya siku 8 hadi 14. Zikishaota, punguza kivuli kidogo kidogo. Usimwagilie maji mengi jioni. Miche ikilala na maji, shina huoza chini na mche huanguka. Bakisha mche mmoja ulio bora katika kila kifuu.

KUHAMISHA NA KUTUNZA

Miche ikifika kimo cha sentimita 10 hadi 15, hamisha. Fanya kazi hiyo jioni au siku ya mawingu. Acha sentimita 60 baina ya mche na mche, na sentimita 60 baina ya mstari na mstari. Pilipili kichaa huwa kichaka kikubwa, basi iongezee nafasi.

Tufanye hesabu tena. Kipande cha ardhi cha mita 3 kwa mita 3 kitachukua mistari 5 yenye miche 5. Jumla ni miche 25. Kipande hicho hakizidi ukubwa wa chumba.

Katika kila shimo tia konzi mbili za samadi iliyooza. Samadi mbichi ya kuku ni moto, itaunguza mizizi. Baada ya kupanda, funika ardhi kwa majani makavu au makumbi. Kifuniko hicho huzuia magugu, huweka unyevu, na huzuia matope yasirukie pilipili wakati wa mvua.

Mwagilia shinani, si juu ya majani. Maua yakianza kutoka, usiuache mche ukauke kabisa. Mche uliopata kiu wakati wa maua huyapukusa maua yake.

MARADHI NA WADUDU

Ukiona majani yanajikunja, yanakuwa madogo, na mche unadumaa, jua kuwa ni maradhi yanayoletwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani. Wengine ni weupe, na huruka ukiutikisa mche. Mche ukishapata maradhi hayo hauponi. Ung'oe na uuchome moto mapema. Kuuonea huruma mche mmoja ni kulipoteza shamba.

Kwa kuwapunguza wadudu, twanga kilo 1 ya majani mabichi ya muarubaini. Yaloweke katika lita 5 za maji usiku mmoja. Chuja, tia sabuni kidogo, na nyunyiza jioni chini ya majani, kwani huko ndiko wadudu wanakojificha. Rudia kila baada ya wiki moja.

Ukiona mche wote umenyauka ghafla na hali ardhi ina maji, ung'oe pamoja na mizizi yake. Mahali hapo usipande pilipili wala tungule kwa misimu kadhaa. Panda mahindi.

Anayevuta sigara aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche. Tumbaku ni ukoo wa pilipili, na kuna maradhi ya tumbaku yanayohamia kwa mikono.

Ukitumia dawa ya dukani, muulize bwana shamba au bibi shamba wako kwanza. Kisha soma karatasi ya dawa. Imeandikwa siku ngapi usubiri kabla ya kuvuna. Tulijifunza kusoma kwa ajili ya mambo kama hayo.

KUVUNA

Pilipili ya kula mbichi unaweza kuivuna ikiwa bado ya kijani. Lakini ya kukausha na ya mbegu lazima iive mtini mpaka iwe nyekundu yote. Ichume pamoja na kikonyo chake. Pilipili iliyong'olewa kikonyo imefunguliwa mlango, na uozo huingia hapo. Chuma asubuhi umande ukishakauka.

Kuchuma mara kwa mara huufanya mche uendelee kuzaa.

KUKAUSHA

Hapa ndipo wengi wanapopoteza jasho lao. Tutazame nyumba mbili jirani. Huu ni mfano wetu tu.

Nyumba ya kwanza ilivuna kilo 10. Pilipili zilimwagwa chini uani, juu ya ardhi. Kuku walipita juu yake. Usiku ziliachwa nje zikapata umande. Siku ya tatu, ingawa bado zilikuwa laini, zilitiwa katika kopo na kufungwa. Baada ya mwezi kopo lilipofunguliwa, lilitoa harufu ya uvundo. Pilipili zilikuwa na ukungu mweusi na wa kijani.

Nyumba ya pili nayo ilivuna kilo 10. Ilifanya hivi:

1. Ilichambua. Zilizooza, zilizotobolewa na wadudu na zenye madoa meusi ziliondolewa.

2. Iliosha kwa maji safi, ikazikausha maji kwa kitambaa.

3. Ilijenga kichanja cha miti chenye kimo cha mita 1, ikatandika mkeka safi juu yake. Upepo ulipita juu na chini.

4. Pilipili kichaa zilianikwa nzima. Pilipili mbuzi zilipasuliwa mara mbili ili zikauke upesi.

5. Zilitandazwa safu moja tu, zikafunikwa kwa chandarua kikuukuu kilichofuliwa, kuzuia nzi na vumbi. Ziligeuzwa mara kadhaa kwa siku.

6. Kila jioni ziliingizwa ndani. Siku ya mvua hazikutolewa.

Ilichukua siku kadhaa. Ziko tayari lini? Ichukue moja uitikise: mbegu zinalia ndani. Ivunje: inakatika, haipindi. Ikiwa inapinda kama ngozi, bado ina maji, irudishe juani.

Kwa kawaida kilo 4 hadi 5 za pilipili mbichi hutoa kilo 1 kavu. Kwa hiyo zile kilo 10 zilitoa baina ya kilo 2 na kilo 2 na nusu. Ukipima ukapata kilo 4, usifurahi. Hayo mazidio ni maji, na maji hayo yataleta ukungu.

UKUNGU NI SUMU

Baadhi ya watu wakiona ukungu juu ya pilipili huufuta kwa kitambaa, wakazianika tena, kisha wakazisaga. Unga ni mwekundu, hakuna anayejua. Jambo hili ni la hatari.

Aina fulani za ukungu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho. Haiondoki kwa kupikwa wala kwa kuanikwa. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa muda mrefu huharibu ini na inaweza kuleta saratani ya ini. Ikiingia nyingi kwa mara moja huua. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sababu ya sumukuvu, na mahindi ndiyo yaliyohusika. Pilipili tunakula kidogo kuliko mahindi, lakini pilipili kavu nayo hushikwa na sumu hiyo hiyo. Kwa hiyo pilipili yenye ukungu usile, usiuze, wala usiwape kuku. Itupe.

KUWEKA

Pilipili zikishakauka, ziache kivulini mpaka zipoe. Ukizifunga zikiwa na moto, zitatoa jasho ndani ya chupa. Kisha zitie katika chupa au kopo safi, kavu, lenye kifuniko kinachokaza. Weka mahali pakavu, penye kiza. Mwanga huziondolea rangi. Usiweke juu ya jiko, kwani mvuke wa chungu ni maji pia. Andika juu ya chupa: PILIPILI KICHAA, na tarehe. Fungua utazame kila mwezi, hasa wakati wa masika.

Saga kidogo kidogo unapohitaji. Unga hupoteza harufu upesi kuliko pilipili nzima.

Njia nyengine ni kutia katika siki. Chemsha chupa tupu katika maji kwa dakika 10. Osha pilipili, zitoboe kidogo, zitie ndani pamoja na vijiko 2 vya chumvi. Chemsha siki, imimine mpaka izizamishe zote. Soma kwanza karatasi ya siki: iwe na asidi asilimia 5. Usiipunguze kwa maji. Achari ya ndimu na chumvi nayo huhifadhika kwa sababu hiyo hiyo ya ukali wa ndimu.

Lakini tahadhari: usitie pilipili mbichi ndani ya mafuta matupu na kuiacha kabatini. Mafuta huzuia hewa, na kuna vijidudu vinavyopenda mahali pasipo hewa. Sumu yao hupoozesha mwili na inaweza kuua, na pengine chakula hakionyeshi dalili yoyote.

MIKONO NA MACHO

Ukali wa pilipili uko zaidi katika ile ngozi nyeupe ya ndani inayoshika mbegu. Ukali huo ni wa namna ya mafuta, ndiyo maana maji matupu hayautoi. Baada ya kukata pilipili, paka mafuta ya kupikia mikononi, kisha osha kwa sabuni. Mdomo ukiwaka, kunywa maziwa. Ikiingia machoni, usitie mafuta. Osha kwa maji mengi safi. Usimshike mtoto mchanga kabla ya kuosha mikono.

MBEGU ZA MWAKANI

Chagua mche ulio bora shambani kabla ya kuvuna. Ufunge uzi ili asiuchume mtu. Chukua pilipili zake zilizoiva vizuri, toa mbegu, na zianike kivulini. Ziweke katika chupa kavu yenye jina na tarehe. Ukipanda mbuzi na boga karibu karibu, zinaweza kuchanganya mbegu, na mwakani boga lako litawasha. Zitenge.

Akiba haiozi, walisema wazee. Lakini akiba ya pilipili huoza ikiwekwa na maji. Tukizikausha sawasawa, mvua za Aprili zitatukuta na chupa zetu zimejaa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika nyumba yako mnanunua pilipili za shilingi ngapi kwa wiki? Ni shilingi ngapi kwa mwaka?

2. Udongo wa kijiji chenu ni wa namna gani? Utapanda vipi pilipili humo?

3. Kwa nini tunahesabu mwezi wa kuvuna kabla ya kuatika?

4. Jirani yako anafuta ukungu kwenye pilipili ili aziuze sokoni. Utamwambia nini?

5. Ukivuna kilo 15 za pilipili mbichi, utategemea kupata kilo ngapi kavu?

KAZI YA KUFANYA: Kila mwanakisomo aatike vifuu 5 vya pilipili nyumbani kwake. Aandike katika daftari tarehe ya kuatika, ya kuota, ya kuhamisha na ya kuvuna. Tuyalete madaftari darasani tuyalinganishe.